Ndoo ya Matope ya Bahari Iliyopanda Vugiri

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ananiuliza mbona begi langu linanuka mayai viza. Nimechoka kujibu vipande vipande kijiweni. Mmoja anasikia mwanzo, mwingine anasikia mwisho, na wa tatu anakwenda kutangaza kisimani kwamba nimeoa. Sijaoa. Nimeandika yote hapa, someni wenyewe.

Kang'ata hadi Handeni mjini

Niliondoka kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa uani anapepeta mahindi, akaniona nimevaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Nitajua nikifika, mama."

"Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo," akasema bila kuacha kupepeta. "Mpaka leo hajajua."

Barabarani nikapata lifti ya Saitoti, Mmasai anayepeleka maziwa mjini kwa pikipiki. Madumu yalikuwa yamefungwa pande zote mbili, mimi nikakaa katikati kama dumu la tatu. Hatukufika mbali, pikipiki ikakohoa na kunyamaza. Petroli imekwisha.

Bahati nzuri mbele yetu kulikuwa na meza yenye petroli kwenye chupa za maji. Bahati mbaya mwenye meza hakuwepo, kaenda kupalilia. Tukakaa. Saitoti akaipiga pikipiki teke.

"Ingekuwa ng'ombe, ningemwachia ale majani, aendelee. Hii inakula kitu cha dukani tu."

Tulikunywa maziwa yake ya mgando na kula mihogo yangu mpaka mama mwenye meza aliporudi na jembe begani. Alimimina petroli jembe likiwa bado begani, nusu kwenye tangi, nusu chini. Niliona ardhi ya pale ni nyeusi, imeshikamana kama lami, hata jani halioti. Mnanijua, siwezi kuona kitu nikanyamaza.

"Shikamoo mama. Haya yanayomwagika huwa yanakwenda wapi?"

"Marahaba. Yanakwenda chini."

"Huko chini yanafanya nini?"

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Wewe huna shamba?"

"Ninalo."

"Basi nenda ukaliulize hilo."

Handeni hadi Korogwe

Hapa sina la kusimulia. Mjini nilikula chapati na maharage, nikaliona lori la mahindi linageuza kuelekea Korogwe, nikageuka nalo. Lami ni nzuri, dereva hakuwa mtu wa maneno, nikalala. Niliamka mara moja tu, ng'ombe walipokuwa wanavuka barabara. Walivuka kwa utaratibu, mkubwa kwa mdogo. Sijapata kuona abiria wa stendi yoyote wakifanya hivyo.

Korogwe, stendi na gereji

Stendi ya Korogwe nilikuta watu wamefanya duara. Kwa kawaida watu wakizunguka kitu husogea wakione vizuri. Hawa walikuwa wanarudi nyuma, na kila mmoja ameziba pua. Katikati alisimama dada mwenye miwani, amevaa ushungi wa kijani, na miguuni pake kuna ndoo mbili nyeupe, zile za rangi ya ukuta, zimefungwa magunia yaliyoloweshwa maji.

"Ni nguru wameoza," mmoja alisema.

"Nguru gani ananuka hivyo? Hiyo ni dawa ya mganga. Wamemshusha kwenye basi la Tanga sasa hivi."

Nikapenya.

"Dada, habari. Umebeba nini?"

"Matope," akajibu, kama mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo tangu alfajiri.

"Ya wapi?"

"Ya baharini."

"Unayapeleka wapi?"

"Vugiri."

Nikafikiri. Vugiri iko juu milimani, kwenye chai na ukungu. "Dada, uniwie radhi. Vugiri hakuna matope?"

Duara zima likacheka. Yeye hakucheka, ila alinitazama vizuri kidogo. "Wewe ni Mzigua?"

"Wa Kang'ata."

"Nilijua. Mzigua hawezi kuona ndoo asitake kujua kilichomo. Mimi ni Msambaa, naitwa Rehema. Nisaidie kubeba moja, nitakueleza njiani. Lakini ukiitikisa, nitakuua."

Sisi na Wasambaa ni ndugu wa kutukanana, kwa hiyo niliona nimekaribishwa. Nikabeba.

Alinieleza taratibu, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Kwenye tope la chini ya bahari wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, na baadhi yao chakula chao ni mafuta. Meli ikivuja, mashua ikimwaga oili chafu, mafuta mengine yanazama na kukaa kwenye tope, na wao wanayala kama sisi tunavyokula ugali. Wanaokaa juu kabisa, penye hewa, wanakula haraka. Wanaokaa chini, kwenye tope jeusi, hewa ni sumu kwao. Wanakula polepole mno, na ile harufu ya mayai viza ni jasho la kazi yao. Ukilikoroga tope umewachanganya wa juu na wa chini, na umeua ukoo mzima.

Ndoo ya kwanza ilikuwa na tope lisilo na mafuta, la kulinganishia, ingawa nalo linanuka. Hilo akitaka anaweza kwenda kulichota tena. Ndoo ya pili, yenye kitambaa chekundu mpini, ndiyo yenye tope la mafuta. Alikuwa amewalea vijidudu wake humo mwaka mzima, anapima wamekula kiasi gani. Chuoni kwake kuna chumba cha baridi cha kuwalaza, lakini umeme ulikatika, na jenereta ya chuo haikuwa na dizeli.

"Ngoja," nikasema. "Wanaokula dizeli wanakufa kwa sababu hakuna dizeli?"

"Nimeandika barua ya kuomba. Imejibiwa kwamba imepokelewa."

Basi akaamua kuwapeleka kwa shangazi yake Vugiri, ambako baridi haihitaji barua.

"Na wakifa?"

"Wakifa nimemaliza shule. Sina mwaka mwingine, wala wa kunilipia. Nitakuwa nimefika Vugiri, nitabaki huko huko, nichume chai." Alisema hivyo bila kunitazama, akarekebisha gunia.

Gari zilitukataa zote kwa harufu. Mwisho tukaambiwa tuende gereji, kuna Mzee Mhina mwenye pikapu anayepanda Vugiri leo, na amezeeka pua. Tukamkuta kweli anasubiri fundi amalize kubadilisha oili. Fundi alikuwa mtu mnene mchangamfu. Alipokwisha kuifungua oili chafu, aliimwaga pale pale chini, juu ya nyeusi nyingine ya miaka yote. Rehema akashindwa kuvumilia, akamweleza habari za ndoo.

Fundi akafuta mikono. "Dada yangu, niachie kijiko kimoja tu cha hao wadudu. Nitawalisha bure, wanene."

"Jamaa zao unao tayari, fundi. Wapo humu humu kwenye udongo chini ya miguu yako."

"Mimi nafuga wadudu?"

"Unafuga. Tatizo unawapakulia kabla hawajamaliza sahani ya jana."

"Sahani moja wanamaliza kwa muda gani?"

"Inategemea. Miezi. Huko chini kusiko na hewa, miaka."

Fundi akamgeukia Mzee Mhina. "Miaka, mzee! Basi hao wameajiriwa."

Ngombezi

Ndoo ya kitambaa chekundu ilikaa mbele, kati ya Mzee Mhina na Rehema. Mimi na ile nyingine tulikaa nyuma juani. Mkonge ulipita kushoto na kulia, mistari kwa mistari, na nyuzi zimeanikwa kwenye kamba kama nywele za bibi. Tulipofika karibu na kambi za wafanyakazi, Mzee Mhina akapunguza mwendo. Mikeka imetandikwa, wanaume wamekaa kimya, moshi wa majungu unapanda.

"Ni kwa Mzee Kasanda," akasema. "Alikuwa anaumwa. Nimefanya naye kazi kiwandani. Lazima nishuke."

"Mzee, ndoo zangu," Rehema akasema.

"Mwanangu, mtu akipita msiba wa jirani yake bila kushuka, na wake utapitwa."

Kwa hiyo tulishuka. Kuacha ndoo ndani ya gari juani ilikuwa sawa na kuzichemsha, na Rehema mwenyewe ndiye aliyechagua pa kuziweka: kivulini, chini ya upenu wa nyumba ya marehemu, ukutani. Baada ya hapo kina mama wakamwita kumenya vitunguu, na mimi nikapewa shoka nipasue kuni. Ndoo zikabaki peke yao.

Sasa niwaeleze wale ambao hawajafika misiba ya mashambani. Marehemu alikuwa Mnyamwezi, baba yake aliletwa na kazi ya kukata mkonge. Na Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani. Mnyamwezi akifa, Wazigua wanakuja kufanya vituko: wanavaa nguo zake, wanaigiza anavyotembea, wanawapaka watu majivu na matope, wanakamata vitu mpaka wakombolewe kwa kitu kidogo. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Mwenye matope usoni hulia kwa jicho moja tu, jingine linacheka.

Kiongozi wa watani pale alikuwa mama mmoja mfupi, Bi Tatu. Alikuwa amevaa suruali na kofia ya marehemu, na ndevu za katani mpaka kifuani. Akaingia uani akikohoa kikohozi cha marehemu, na watu waliomjua marehemu wakaanza kucheka huku wanafuta machozi. Akazunguka akitafuta matope. Kiangazi, uani kukavu, maji ya kisima ni ya kupikia. Ndipo akaziona ndoo. Akafunua ya kwanza.

"Wazigua wenzangu!" akapiga kelele. "Njooni muone! Wanyamwezi wa siku hizi wamestaarabika, wametuandalia matope kabisa, yamefunikwa na mfuniko!"

Kabla sijaweka shoka chini, walikuwa wamekwisha kuchota. Wakawapaka watoto wa marehemu, wakawapaka wakwe, wakawapaka wachimba kaburi. Harufu ikasambaa. Nimehudhuria misiba mingi ambayo watu wanajilazimisha kulia. Pale hakuna aliyejilazimisha.

Alikuwapo kiongozi mmoja, simtaji, shati jeupe, amesimama anatoa salamu za rambirambi. Zilikuwa zimefika kwenye barabara atakayoijenga. Bi Tatu akamjia kwa mbele, akampaka shavu hili, akampaka na lile. Mila ni mila, kiongozi akatabasamu.

"Nashukuru sana," akasema, na midomo yake haikufunguka sana. "Haya ni matope ya hapa hapa kwetu, ya Ngombezi, na tutaendelea kuyaenzi."

Nikasikia Rehema akipiga ukelele jikoni. Alikuwa ametokea mlangoni na kisu cha vitunguu mkononi. Ndoo ya kwanza ilikuwa imebaki tope la chini tu, na Bi Tatu alikuwa ameshika mfuniko wa ile ya kitambaa chekundu.

Nilikimbia. Njiani nilifikiri nimwambie nini. Nimwambie ni utafiti? Mtani hajui utafiti. Nimwombe? Ukimwomba mtani ndiyo anafanya. Nimgombeze? Nami ni Mzigua kama yeye, siku hiyo tulikuwa upande mmoja. Nikajitupa chini mbele ya ndoo, nikaikumbatia, nikafumba macho.

"Bi Tatu, usimfunue! Ni mkwe wangu!"

Ua mzima ukanigeukia.

"Nani mkwe wako?"

"Huyu. Mama mzaa chema. Unamfunua uso mama mkwe mbele ya mkwewe? Unataka nipofuke?"

Mnajua wenyewe sisi na mama mkwe. Ukimwona njiani unaingia kichakani. Bi Tatu alitazama ndoo, akanitazama mimi, na nikaona ndevu za katani zinaanza kutikisika. Akarudisha mfuniko taratibu, akaubana pande zote. Halafu akapiga goti.

"Shikamoo mama mkwe. Tusamehe, hatukujua. Mbona umekaa chini na kiti kipo?"

Kiti kikaletwa. Nikainyanyua ndoo mwenyewe kama mtu anayebeba yai lililopasuka, nikaiweka juu yake. Mama mmoja akavua khanga yake akaifunika. Mwingine akaleta maji kwenye bakuli.

"Anaumwa," nikasema, "presha. Daktari kasema asitikiswe, asipate joto, wala upepo. Hayo maji mmwagieni kwenye gunia."

Wakamwagia. Nadhani tangu tope liumbwe halijapata heshima kama ile.

"Sasa," Bi Tatu akasema, amesimama mikono kiunoni, "mkwe tumemwona. Mwanawe yuko wapi?"

Sikuwa nimefikiri mpaka huko. Macho yote yakaenda mlangoni, kwa Rehema na kisu chake.

"Ndiye huyo!" Bi Tatu akapiga makofi. "Msambaa! Ndiyo maana mkwe ananuka!"

Huo ndio mwanzo wa habari za kwamba nimeoa. Faini yangu ya kumchelewesha mkwe juani ilikuwa kupakwa tope lote lililobaki, kichwa mpaka kiuno, na nilisimama nikapakwa, kwa sababu walipokuwa wananipaka mimi hakuna aliyeikumbuka ndoo. Kisha tukaenda kumzika Mzee Kasanda kwa heshima zote, wengi wetu weusi, na tukala wali wa msiba kwa mikono inayonuka tope la bahari.

Kupanda Vugiri

Kona za mlima zikaanza. Hewa ikapoa, migomba ikaanza, kisha chai. Rehema alikuwa ameishika ndoo katikati ya magoti, na kila gari liliporuka alifumba macho.

"Hukuitikisa?" akaniuliza kupitia dirisha la nyuma.

"Ulikuwepo. Nilimweka kitini."

"Ulivyojitupa, uliigonga?"

"Nilijigonga mimi."

"Siwezi kujua mpaka nifungue. Na siwezi kufungua mpaka ipoe." Akarekebisha kitambaa chekundu. "Mzigua, kama wamekufa, sitakulaumu wewe. Nitajilaumu mimi niliyeziweka kwenye ule ukuta."

Mzee Mhina akasema, "Mwanangu, hao wamezoea kukaa chini ya bahari yote ile. Ngombezi itawaua?"

Nilimtazama Rehema kisogoni. Pembeni watu walikuwa wanarudi na vikapu vya chai mgongoni, na yeye aligeuza uso asiwaone.

Vugiri

Tulifika ukungu umeanza kushuka. Shangazi yake, Bi Mwajuma, alitoka na mwiko mkononi, akampokea Rehema, akatupokea sisi, kisha akasimama ghafla, akanusa.

"Rehema. Huyu ni mtu au ni choo?"

"Shikamoo shangazi," nikasema.

"Marahaba. Simama hapo hapo, baba, upepo uko upande wako."

Chumba cha wageni kilikuwa nyuma, upande usiopata jua, ukuta wake ni baridi kama kaburi. Rehema akaiweka ndoo sakafuni. Mimi nikaona niwapishe, nikaenda kutafuta gesti pale senta. Mwenye gesti alikuwa mlangoni, funguo zote zimening'inia nyuma yake.

"Vyumba vimejaa," akasema.

"Funguo zote hizo ni za nini?"

"Za vyumba vilivyojaa."

Niliporudi, Rehema alikuwa amepiga magoti mbele ya ndoo, tochi mkononi. Bi Mwajuma amesimama mlangoni ameziba pua kwa ncha ya khanga. Rehema akanyanyua mfuniko kidogo, akaingiza bomba jembamba la kioo pembeni kabisa, akaziba kwa kidole gumba, akalivuta polepole. Akalimulika.

Juu kulikuwa na utando wa rangi ya kahawia, mwembamba kama maganda ya kitunguu. Chini yake tope jeusi. Mpaka kati yao ulikuwa umenyooka.

"Hawajachanganyika," akasema kwa sauti ndogo. Akanusa bomba kama mtu anusaye pilau. "Bado wananuka."

"Hilo hata Mombo kule bondeni wanalijua," shangazi akasema.

Rehema akakaa sakafuni, akaegemea ukuta, akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mpaka kesho ndiyo nitajua hakika," akasema. "Tope lililokufa linatulia kimya. Lililo hai linatoa hewa, taratibu sana. Mtu lazima akae asikilize, na mimi nimechoka, nitasinzia."

"Na huyu atalala wapi?" Bi Mwajuma akauliza, akininyooshea mwiko. Kisha akajijibu mwenyewe. "Anukaye akae na anukaye. Kitanda kipo. Nitakuletea maji ya moto, makande na mablanketi mawili. Mlango utafungwa, kwa ajili yetu sisi."

Nguo zenye tope nilizisokomeza begini, nikaoga mara tatu, haikusaidia kitu. Nikala makande, mara yangu ya kwanza kula yenye parachichi ndani, nikajifunika. Ndoo ilikuwa kando ya kitanda, imefunikwa gunia bichi. Nje ukungu ulikuwa umekwisha kulifuta dirisha. Nikasikiliza. Nikasikia mbuzi wa jirani, nikasikia maji yakidondoka kwenye pipa, nikasikia meno yangu. Nikaendelea kusikiliza mpaka nikaanza kuogopa nitakachomwambia.

Halafu ndani ya ndoo kitu kidogo kikapasuka. Pwii. Na harufu ikaja.

Upande wa pili wa ukuta sauti ikauliza, haraka, kama mtu ambaye hakuwa amelala kabisa, "Amepumua?"

"Amepumua."

"Alhamdulillahi," akasema Rehema. Na kwa mara ya kwanza tangu stendi nikamsikia anacheka.